Mchanga Aliouchagua Mdogo Wangu

Mume wangu alimwomba mdogo wangu achague taa na mchanga wa tangi la matumbawe ambalo lingekaa sebuleni kwangu, nami nilikuwa nimeketi pale pale kati yao, namenya chungwa. Hakuniuliza mimi. Hilo ndilo kosa lenyewe, nalitaja mapema ili asiwepo wa kutafuta lingine kubwa zaidi. Hakunipiga, hakuleta mwanamke wa pili, hakunitoa nje. Wapo wanaoniambia kwamba basi sina kesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ili kosa hili lieleweke, ni lazima nimweleze mume wangu alivyo.

Ni fundi miwani. Duka analofanyia kazi limebanwa kati ya duka la dawa na mahali pa kutoa nakala, na yeye hukaa chumba cha nyuma penye mashine ya kusaga vioo. Mteja akishapimwa macho huko mbele, karatasi yake huletwa nyuma, naye hukata kioo, hukisaga kingo, hukipachika kwenye fremu, kisha hukiinua kuelekea taa akiwa amefumba jicho la kushoto. Wenzake wakambandika jina la Jicho Moja. Anayo yote mawili, na yote mazima. Ni mimi tu ambaye hayanioni.

Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya wanawake. Baba yake alifariki mapema, na dada zake wakamlea kama yai. Walimchagulia mashati, wakamchagulia kazi, na siku ilipofika wakamchagulia mke, ndio mimi. Wifi yangu mkubwa alikuja kwetu, akanitazama nikifua, akarudi kumwambia, "Yule ana mikono ya kazi." Akaoa mikono. Mtu aliyekua hivyo hawezi kununua hata soksi kabla hajamwuliza mtu. Akili anayo, tena nyingi, ila akili yake husimama mlangoni ikingoja ruhusa. Mapazia yetu yalichaguliwa na wifi. Kitanda kilichaguliwa na marehemu mama mkwe, Mungu amrehemu, na mbavu zangu humkumbuka kila asubuhi. Siku moja nilimkuta mume wangu akimwuliza msoma mita ya maji kama mlango wa mbele upakwe rangi ya kahawia au ya kijani. Msoma mita! Yule akajibu "Kijani" bila hata kuinua kichwa, na mlango wetu ni wa kijani hadi leo.

Kwa hiyo mume wangu huuliza kila mtu. Ndipo penye uchungu. Angekuwa bahili wa maswali ningemsamehe, ningesema ndivyo alivyoumbwa. Lakini yeye hugawa maswali kama mtu anayegawa peremende kwenye kundi la watoto, na mkono wangu tu ndio hurudi mtupu. Katika nyumba niliyoifagia tangu nikiwa binti hakuna kitu hata kimoja ambacho mtu alisimama mbele yangu akaniambia, hebu sema wewe. Nilitaka kimoja tu. Kijiko kingetosha.

Bahari ilimwingia kwa daktari wa meno. Alitumwa kupeleka miwani, akaambiwa angoje, na kwenye chumba cha kungojea kulikuwa na tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Miwani ikapokelewa, yeye hakuondoka. Alikaa pale katikati ya watu wenye mashavu yaliyovimba, yeye hana hata jino moja linalouma, mpaka dukani wakampigia simu wakidhani amegongwa na gari. Jioni ile aliongea kuliko alivyoongea siku ya harusi yetu.

"Mama watoto," alisema, "kumbe jiwe linaweza kuwa hai! Lina vidole. Linavitikisa."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikalitazama."

"Basi kunywa chai, inapoa."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu nilifurahi. Watoto wetu wameondoka, mkubwa ameolewa, mdogo yuko chuoni mbali, na nyumba ilikuwa kimya hata unasikia jokofu likikohoa. Nikawaza, hapa pana jambo la watu wawili. Alipata tangi la mtumba kwa mtu aliyekuwa akihama, sanduku la kioo refu kuliko kabati letu la vyombo. Tulilibeba wawili. Tuliliosha kwa siki wawili, mimi ndani, yeye nje, tukitazamana kupitia kioo na povu, na yeye akanitolea ulimi kama mtoto. Kabati likahamia dirishani, na cherehani yangu, ambayo hunipa wateja wa mtaani, ikasukumwa hadi ubavuni mwa tangi. Sikulalamika. Nilidhani ninakaribishwa.

Kilichobaki kuchaguliwa kilikuwa taa na mchanga. Aliniambia mwenyewe kwamba katika mambo ya matumbawe hayo ndiyo mawili makubwa, kwa sababu matumbawe hula mwanga, na mchanga ndio sakafu ya nyumba yao. Alikuwa akiniambia hayo huku akinitazama. Nikaweka jibu langu tayari.

Jumapili akaja mdogo wangu.

Mdogo wangu hupamba kumbi za harusi. Hutundika vitambaa, hupanga maua, na zaidi ya yote hupanga taa, hizi za kumulika ukuta uwe wa zambarau na bibi harusi awe kama malaika. Kazi yake anaijua, siwezi kumnyima haki. Watu husema ana jicho. Jicho hilo wanalolisifu, mimi ndiye niliyelitoa tongotongo. Mama yetu alipougua, mtu mmoja alihitajika kubaki nyumbani, na mtu huyo nilikuwa mimi. Yeye alikwenda shule na nywele nilizomsuka mimi na sare niliyoifua mimi. Alipokuwa akirudi alinionyesha herufi, nami nilikuwa na moshi machoni. Leo akiingia nyumbani kwangu mume wangu husimama. Mimi nikiingia hunyanyua miguu nipate kufagia.

Siku hiyo alisimama hata kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Shemeji! Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Kaa hapa. Niangalizie." Akamsogezea simu yenye picha za taa. "Hii, au hii?"

"Shemeji, kwani unafungua ukumbi?"

"Nafungua bahari."

"Basi bahari bila bluu ni karai. Hii nyeupe tupu iache, hii ni taa ya bucha. Chukua hii ya bluu kali, iwe inapiga mpaka ukutani. Mgeni akiingia asahau alichokuja kusema."

Wakacheka. Mimi namenya chungwa.

"Na mchanga?" mume wangu akauliza. Muuza samaki wa mapambo alikuwa amempa sampuli katika vifuko vidogo vya nailoni, naye akavimwaga mezani, kimoja baada ya kingine, mbele ya mdogo wangu, kama anayeonyesha vito.

"Huu," mdogo wangu akasema, akachota ule mweupe uliosagika kama unga. "Taa ikiupiga huu, chini kote kutang'aa."

Hapo nikasema. Naomba ikumbukwe kwamba nilisema. Nikaweka kisu, nikagusa kifuko cha tatu, kile chenye punje punje, nyeupe na nyingine za rangi ya waridi kama kucha za mtoto mchanga, nikasema, "Mimi naupenda huu."

"Huo?" mume wangu akasema. "Huo si kama wa kuwapa kuku?"

"Dada naye!" mdogo wangu akasema huku akicheka. "Unataka samaki watage mayai?"

Wakacheka tena, cheko la watu wanaoelewana. Hawakucheka kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningejua la kufanya. Nikalipanga chungwa kwenye sahani, nikawapa, wakala.

Basi ukanunuliwa mchanga wa unga na taa ya bluu. Mchanga tuliuosha kwenye ndoo, yaani niliuosha mimi, maji yakitoka kama maziwa na kurudi kama maziwa, mpaka vidole vikanyauka. Tangi likajazwa maji ya chumvi. Siku za kwanza hukuona kitu, ni ukungu mtupu, na pampu ya mawimbi ikiwashwa mchanga unapaa kama vumbi la barabara lililopitiwa na lori. Mume wangu akapunguza pampu. Ukatulia. Likaachwa likae muda wake, kisha wakaletwa samaki wawili wa rangi ya chungwa, na vipande vya matumbawe vilivyogundishwa kwenye vijiwe, vingine kama uyoga, vingine kama vidole, kimoja kama kitambaa cha kijani kilichokunjwa marinda. Taa ikawashwa, yote, kwa nguvu zake zote.

Nitasema kweli ingawa inaniuma: lilipendeza. Uyoga uliwaka kama makaa. Lile la marinda liling'aa kijani ambacho sijawahi kukiona kwenye kitambaa chochote, na mimi vitambaa nimevishika vingi. Sebule yangu niliyoijua kila ufa ikawa mahali pengine. Ndipo wivu ulipokaa vizuri, ukavua viatu. Kama angechagua kitu kibaya ningepumua. Lakini jirani akiingia anasimama mlangoni na mkono mdomoni, na mume wangu kabla hajaulizwa anasema, "Ni shemeji huyo. Ana jicho yule!" Mwenzake wa dukani alikuja na mkewe, wakaambiwa ni shemeji. Wifi alikuja, wakambeba shemeji juu juu mpaka darini. Mimi nilikuwa naleta maji ya kunywa. Mke wa yule mwenzake akaniuliza, "Na wewe mama, unaipenda bahari yenu?" Kabla sijafungua kinywa mume wangu akajibu, "Anaipenda sana."

Watu hudhani wivu ni wa kitandani tu. Mdogo wangu na mume wangu hawana neno la aibu baina yao, ningelijua, na nisingeandika haya, ningekuwa nimeshafanya mengine. Wivu wangu ni wa pale mezani. Ni wa namna anavyomgeukia. Kazini kwake, mteja akija kuchukua miwani, yeye humwekea kioo kimoja na kingine, humwuliza kwa upole, "Unaona vizuri na hiki, au hiki?" Nimewahi kwenda na chakula chake nikamsikia. Sauti ile! Anauliza, kisha anangoja. Mzee mmoja alijikuna, akafikiri, akakosea, akarudia, naye anangoja tu, ameinamisha kichwa. Nilisimama na bakuli langu mpaka likapoa. Nikajiambia, kumbe anajua.

Kisha taa ile ikaniingia kazini. Jioni alianza kuzima balbu ya darini ili bahari ionekane vizuri, nami cherehani yangu iko pale ubavuni, basi nikawa nashona kwa mwanga wa samaki. Nilipindia sketi nyeusi ya mteja, mwalimu wa shule ya jirani, nikaikunja, nikampelekea. Kesho yake akarudi nayo, akaiinua juani mlangoni. Uzi wote wa pindo ulikuwa mwekundu, damu ya mzee. Chini ya ile bluu wekundu wote huwa mweusi.

"Fundi," mwalimu akaniambia, "umenishonea sketi au umenifunga jeraha?"

Nikafumua, nikashona upya, nikamwomba radhi. Jioni nikamweleza mume wangu, nikiwa nimeshika ile sketi kama ushahidi. Alisikitika, nakiri, alisikitika kweli. Akakuna kidevu.

"Kweli cherehani haifai kukaa pale," akasema. "Ngoja nimpigie shemeji atuambie tuiweke wapi."

Na akampigia. Mdogo wangu akasema iwekwe kwenye ujia, kati ya sebule na jiko, kwa sababu pale haitaharibu mandhari. Nikahamishwa. Tangu hapo nashona nikiwa nimewapa mgongo wapitaji, na wapitaji ni mtu mmoja, naye hupita akiniambia, "Samahani, mama watoto," nijisogeze.

Matumbawe yakaanza kufifia. Kwanza uyoga, ukapauka kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji ya dawa. Kisha vidole vikajikunja. Lile la marinda likawa na madoa meupe, na ule mchanga wa unga, kila pampu ikiongezwa kidogo kwa ajili yao, ulipaa na kuwafunika kama theluji, nami ndiye niliyewapangusa kwa bomba la kunyunyizia, polepole, kila asubuhi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani. Mume wangu alikuwa akirudi kazini anapiga magoti mbele ya kioo bila kuvua koti. Sikufurahi. Mtu asinisingizie. Nilikuwa nimeanza kuwapenda wale wanyama wasio na miguu, hawakunikosea kitu.

Muuza samaki alipokuja kuangalia alicheka kwanza, kisha akanyamaza alipoona sura ya mume wangu.

"Bwana, nani aliwapangia hivi?"

"Shemeji yangu. Ni mtaalamu wa taa."

"Za wapi?"

"Za harusi."

"Ah," muuza samaki akasema. "Harusi ni usiku mmoja, bwana. Bibi harusi ukimmulika hivi kila siku naye atapauka. Hawa huanzishwa na mwanga mdogo, unaongeza kidogo kidogo wazoee. Na taa yenyewe hii haina hata mahali pa kupunguzia. Na mchanga huu ni mwepesi mno kwa pampu yako. Njoo dukani uchague tena, taa na mchanga, hawa bado wanaokoleka."

Mume wangu akanigeukia. Akasema, "Jumamosi twende wote."

Wote! Siku zile kabla ya Jumamosi nilitembea kama msichana aliyeposwa. Nilijua nitakachosema. Nilijua mchanga, ule ule wa punje za waridi, na taa nilitaka ile yenye weupe ndani yake, kama asubuhi kabla jua halijakaza, ambayo mtu akikaa kando yake aweze kuutambua uzi mwekundu. Nilipiga pasi gauni langu la kijivu. Nikavaa hereni. Mume wangu akaniuliza, "Tunakwenda kwa muuza samaki, au kuna kikao?" Nikamjibu, "Tembea."

Duka la samaki ni chembamba na refu, matangi pande zote mbili, sakafu imelowa, na mlio wa pampu kama watu wanaonong'ona katika chumba cha pili. Muuza samaki alituwekea taa mbili mezani, zote zina kirungu cha kuongeza na kupunguza, akaziwasha, moja bluu tupu, nyingine ina weupe ndani yake. Akaleta mifuko miwili ya mchanga, mmoja wa kijivu wenye punje nene, na mwingine ni wangu. Nasema wangu. Waridi na nyeupe. Moyo ulinidunda hata nikaona haya.

"Haya," muuza samaki akasema. "Yote miwili itafaa kwa pampu yako. Ni macho yenu sasa. Mnapenda upi?"

Mume wangu akautazama mmoja, akautazama wa pili. Akanitazama mimi. Nikavuta pumzi.

"Mama watoto," akasema, "hebu shika hii mifuko, mkono huu na mkono huu. Iinue kidogo. Hapo hapo."

Akatoa simu, akapiga picha.

"Namtumia shemeji," akamwambia muuza samaki.

Nilikuwa nimesimama nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Kulia waridi, kushoto kijivu. Simu ikalia palepale, sauti ya mdogo wangu ikatoka kwa sauti kubwa, nyuma yake watu wanagonga misumari.

"Shemeji, niko ukumbini, nina haraka. Picha yako yote ni bluu, sioni kitu. Isogezeni mlangoni kwenye mwanga."

"Mama watoto, sogea mlangoni."

Nikasogea mlangoni. Wapita njia wakanitazama. Akapiga nyingine, kisha akazipiga na zile taa mbili.

"Mama hana la kusema?" muuza samaki akauliza.

"Huyu?" mume wangu akasema, na kwa upendo kabisa, Mungu ni shahidi, kwa upendo. "Huyu hana neno. Kwake chochote ni sawa."

Simu ikalia tena. "Nimeona," mdogo wangu akasema. "Wa mkono wa kulia. Ule wenye waridi. Na taa, chukua ile yenye weupe."

"Unaona!" mume wangu akamwambia muuza samaki, uso wote umefunguka. "Hata kwenye picha! Ana jicho yule!"

Alichagua kile kile. Hicho ndicho ambacho watu nikiwasimulia huniambia, basi si umepata ulichotaka? Sikupata. Kilipita mikononi mwangu, nikakishika, nikakiinua juu watu wakione, kikaenda kuwa cha mwingine. Mkono ulioonekana kwenye picha ni wangu. Mimi mwenyewe sikuwepo.

Njiani, mume wangu akiwa na taa na mimi nikiwa na mfuko wa mchanga nyongani, nikamwambia, "Mimi nilikuwa nautaka huu huu."

"Basi si vizuri? Mmekubaliana."

"Niliutaja tangu ile siku ya kwanza."

"Uliutaja?"

"Mkaucheka. Ukasema ni wa kuku."

Akatembea kidogo. Nikamwona anajaribu kukumbuka, anajaribu kwa haki, amefumba jicho la kushoto. Hakuona kitu.

"Mama watoto," akasema, "kweli tugombane kwa sababu ya mchanga ambao sote tunaupenda?"

Niliweka mfuko chini katikati ya njia. "Niulize," nikamwambia.

"Nikuulize nini?"

"Chochote."

Alinitazama kama kioo kilichokosea vipimo. "Umechoka?" akauliza. Akauchukua ule mfuko, akaubeba yeye, pamoja na taa, mpaka nyumbani. Na mtu akituona angesema, tazama mwanamume anavyomjali mkewe.

Tangi liko sawa sasa. Taa ilianzishwa chini kabisa, ikapandishwa kidogo kidogo, na rangi zikarudi, si za kuwaka kama zile za mwanzo, za kutulia. Mchanga haupai. Yuko samaki mwembamba mpya ambaye jioni hujichimbia ndani ya punje zile akalala, asubuhi akachomoza kichwa kwanza kutazama kama dunia ipo. Hunichomozea mimi, maana ndiye ninayekuwepo. Wageni wakija huambiwa habari za shemeji, sasa hadithi imenoga zaidi: alichagua akiwa mbali, kwenye picha, huku anapamba harusi.

Mdogo wangu alipokuja nilimngoja mume wangu atoke, nikafunga mlango wa jiko.

"Mikono ile uliitambua?" nikamwuliza.

"Mikono ipi, dada?"

"Ya kwenye picha."

Akacheka, kisha akaacha. "Niliitambua. Nitaacha kuitambua mikono yako, dada? Ndiyo iliyonilea."

"Na ule mchanga?"

Akageuza bilauri. "Nilikumbuka ulisema unaupenda. Ile Jumapili. Ndiyo maana nikauchagua, dada. Nilitaka upate unachokipenda."

Afadhali angekuwa amesahau. Mume wangu amesahau, ni kipofu, nitambeba. Lakini huyu alikumbuka. Alikuwa na jibu langu mkononi, akalitoa kama lake, akapokea sifa, na juu yake ananiambia alifanya kwa ajili yangu.

"Ungemwambia, muulize dada," nikasema. "Maneno mawili tu."

"Nilikuwa na haraka, dada. Kulikuwa na watu juu ya ngazi."

"Basi mwambie leo. Akirudi. Mwambie kwamba mimi ndiye niliyeutaja."

"Nitamwambia."

Mume wangu akarudi, tukala, wakaenda kutazama samaki. Nikiwa jikoni nilisikia, "Shemeji, lakini jicho lako!" na nikasikia mdogo wangu akisema, "Aa, shemeji, kawaida tu." Nilingoja sentensi inayofuata. Ikafuata habari ya harusi ya Jumamosi.

Baadaye aliniletea kitambaa cha gauni. Alinichagulia rangi yeye mwenyewe. Na kinanipendeza, ndilo balaa. Kimekunjwa kwenye kabati, sijakitia mkasi.

Huyo ndiye mume wangu, fundi miwani, mtu mwema, aulizeni mtaa mzima. Na deni lake kwangu bado liko palepale: anigeukie, aniulize neno moja la nyumba hii, na angoje mpaka nijibu. Deni la mdogo wangu ni zito zaidi, kwa kuwa yeye anajua. Ni kusimama mbele ya shemeji yake, nikiwepo, na kusema, "Mchanga huu dada aliutaja kwanza, sisi tukaucheka." Kitambaa hakilipi hilo. Nimemwambia Jumapili aje mapema, na asije na kitu.